Ugumu si uimara

Kuna sifa moja ambayo sisi watu wa Mara tumevishwa tangu zamani, nasi tumeivaa kwa furaha bila kuuliza imeshonwa na nani. Jitaje popote katika nchi hii, iwe kambini, kituo cha mabasi au ofisini, kwamba umetoka Musoma, Bunda au Butiama, na mwenzako atatikisa kichwa aseme: "Aa, nyie wa Mara ni wagumu." Anayesema hudhani ametusifu, na sisi tunaoambiwa huondoka tumetanua vifua.

Juma hili, ndugu msikilizaji, nawe unayenisoma hapa gazetini, nataka tulichukue neno hilo tuligonge kidogo kwa kidole, kama mama sokoni anavyogonga chungu kabla hajatoa fedha zake, tusikie kama linalia vizuri au lina ufa.

Lugha yetu yenyewe inatupa tahadhari. Katika Kiswahili, mtu mgumu si lazima awe shujaa. Mgumu wa kutoa ni bahili. Mgumu wa kuelewa ni yule aliyemchosha mwalimu. Mwenye moyo mgumu hana huruma, na tukisema maisha ni magumu hakuna anayepiga makofi. Lakini neno imara halina mikosi hiyo. Nyumba imara, ndoa imara, mtu imara: popote utakapoliweka neno hili linabaki ni sifa. Wazee walioturithisha lugha hii walijua kuwa ugumu ni kitu kimoja na uimara ni kitu kingine. Sisi ndio tumevichanganya.

Tuanze na mawe, maana Mara hatuna upungufu wa mawe. Kuanzia ufukwe wa Musoma hadi vilima vya Butiama, majabali yamepandana kana kwamba kuna jitu liliyapanga likachoka likaondoka. Ni mawe magumu kwelikweli. Ukilipiga jabali la namna hiyo kwa nyundo, nyundo inaruka na mkono unakufa ganzi. Hata hivyo, akina mama na vijana wanaoishi kwa kupasua kokoto huyashinda mawe hayo kila siku. Nilimwuliza mama mmoja aliyekuwa kazini pembezoni mwa Musoma anatumia nguvu gani. Akacheka, akaniambia: "Mwanangu, jiwe halishindwi kwa nyundo. Jiwe linashindwa kwa moto na maji. Nyundo ni ya kumalizia."

Na ndivyo kazi inavyokwenda. Huwashwa moto juu ya jabali, kuni au mipira chakavu ya magari, likapata joto kwa saa nyingi, kisha hupozwa kwa maji. Ngozi ya jiwe iliyotanuka kwa joto hujikunja ghafla, na kwa kuwa jiwe halijui kunyumbuka, linapasuka. Sauti yake husikika mbali. Jabali lililokaa pale tangu kabla ya binadamu kuwapo linakuwa kokoto za kujengea vyoo na misingi ya nyumba. Halikushindwa kwa sababu ya ulaini. Limeshindwa kwa sababu halikuwa na kitu kingine ila ugumu.

Sasa tutoke kwenye jiwe twende kwenye chuma, maana hapa kuna watu waliolijua jambo hili mapema. Miongoni mwa Wazanaki na majirani zao palikuwa na ukoo wa wahunzi walioitwa Waturi. Walikuwa na miiko yao, watu waliwaogopa kidogo, na familia nyingi hazikutaka kuoana nao. Lakini hakuna aliyeweza kuishi bila wao, kwa kuwa jembe, mkuki na kisu vilitoka mikononi mwao. Katika nchi zinazozunguka ziwa letu jembe lilikuwa zaidi ya chombo cha kulimia: lilinunua chakula, na katika sehemu nyingi lilihesabiwa katika mahari. Kule Buzinza, upande wa Geita, Warongo waliyeyusha mawe ya chuma na majembe yao yalisafiri mbali. Kule Buhaya, ng'ambo ya ziwa, watafiti Peter Schmidt na Donald Avery walichapisha mwaka 1978 ushahidi kwamba mababu wa eneo lile walikuwa wakitengeneza chuma cha pua katika tanuri zao zaidi ya miaka 1,500 iliyopita.

Mhunzi yeyote, wa zamani au wa leo, anajua siri moja. Chuma cha pua kikiwa chekundu kwa moto ukakitumbukiza ghafla majini, kinakuwa kigumu mno. Kitakata, kitakwaruza chuma kingine. Lakini ukikiangusha juu ya jiwe kinaweza kukatika vipande viwili kama kigae. Kwa hiyo fundi mwenye akili hakiachi hapo. Hukirudisha motoni tena, safari hii moto wa wastani, akakipunguzia ugumu kidogo ili akipatie uhai. Anakubali kupoteza sehemu ya ukali ili kifaa kiweze kuvumilia kipigo.

Wahunzi wetu wa mitaani siku hizi hutafuta springi chakavu za malori, wakatengeneza mapanga na visu. Hawakuchagua springi kwa bahati. Itazame ikiwa kazini chini ya lori lililojaa mizigo katika barabara ya kwenda Sirari. Lori likiingia shimoni, springi inalala chini ya uzito. Lori likitoka, springi inarudi ilivyokuwa. Inafanya hivyo mara elfu kwa elfu bila kulalamika. Halafu fikiria cherehani ya zamani ya bibi, ambayo mwili wake ni chuma cha kusubu. Ni nzito, inatisha kwa uzito wake, lakini ikianguka kutoka mezani hadi sakafuni inaweza kuvunjika shingo. Vyote viwili tunaviita chuma. Kimoja ni kigumu, kingine ni imara.

Wenzetu wa viwanda vikubwa walijifunza tofauti hii kwa gharama. Mwanzoni mwa karne ya 20 wahandisi walikuwa na njia nzuri za kupima uzito ambao chuma kinaweza kuubeba. Swali walilohangaika nalo lilikuwa jingine: kikipigwa ghafla, kitameza pigo kiasi gani kabla ya kukatika? Mwaka 1901 mhandisi Mfaransa, Georges Charpy, alieleza namna ya kupima jambo hilo. Unachukua kipande cha chuma, unakitia mkato mdogo, unakipiga kwa nyundo inayoning'inia kama timazi, kisha unatazama nyundo imepoteza nguvu kiasi gani katika kukivunja. Chuma kilichoinyang'anya nyundo nguvu nyingi ndicho imara. Kile kilichovunjika na kuiacha nyundo ipite kama haikugusa kitu, hicho hakifai, hata kama uso wake ni mgumu kama almasi.

Kipimo kilikuwapo, lakini si kila mtu alikitilia maanani. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Marekani iliunda meli kwa haraka ambayo dunia haikuwahi kuiona. Zile zilizoitwa Liberty peke yake zilizidi 2,700. Usiku wa tarehe 16 Januari 1943, meli mpya ya mafuta iitwayo Schenectady ilikuwa imefungwa gatini mjini Portland, katika jimbo la Oregon. Ilikuwa imetoka tu kujaribiwa baharini. Hapakuwa na dhoruba, hapakuwa na bomu, maji yalikuwa yametulia. Ghafla ikapasuka kwa kishindo, ikakatika karibu vipande viwili ikiwa hapo hapo gatini. Meli nyingine nyingi za wakati ule zilikutwa na nyufa. Baridi ilikuwa imekifanya chuma chake kikauke kama kioo, na penye kona kali au uungaji mbaya ufa ukapata mlango wa kuingilia.

Nawaomba mlishike neno hilo, ufa. Mwaka 1921 Mwingereza A. A. Griffith alichapisha uchunguzi wake kuhusu kioo, akaonyesha kwamba vitu havivunjiki kwa sababu tu mzigo ni mkubwa. Vinavunjika kwa sababu ndani yake kuna nyufa ndogo ndogo zisizoonekana, na nguvu yote ya mzigo hukusanyika kwenye ncha ya ufa. Kitu kigumu tupu kikipata ufa mdogo, ufa unakimbia hadi mwisho. Kitu imara hunyumbuka kidogo pale penye ncha, ufa ukachoka, ukasimama. Griffith alihitaji hesabu ndefu kulieleza jambo hilo. Wazee wetu walilisema kwa maneno manne: usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Sasa turudi kwa watu, maana tusije tukadhani haya ni mambo ya karakana tu.

Miaka ya 1890 ilikuwa miaka ya nyundo katika nchi hii. Sotoka, ugonjwa wa ng'ombe ulioingia Afrika Mashariki kutoka kaskazini mwanzoni mwa muongo ule, ulifyeka mifugo; katika sehemu nyingi za wafugaji walikufa ng'ombe tisa katika kila kumi. Ikafuata ndui. Ikafuata njaa. Juu ya hayo yalikuwapo mashambulizi ya wezi wa mifugo, na baadaye wakaja Wajerumani wakajenga ngome yao pale Ikoma. Simulizi za wazee wa Kiikizu, Kizanaki, Kinata, Kiikoma na Kingoreme kuhusu nyakati hizo zilikusanywa katika miaka ya 1990 na mwanahistoria Jan Bender Shetler, na kitabu chake kilichotoka mwaka 2007 kinaonyesha watu hao waliponaje.

Hawakupona kwa kukaza misuli na kubaki walipo. Walihama. Walikwenda Usukuma kutafuta nafaka kwa marafiki. Walipanga upya rika na makundi yao. Waliwapokea wageni wenye njaa wakawafanya ndugu, mtoto wa mgeni akapewa jina la ukoo, na baada ya kizazi kimoja hakuna aliyeuliza tena alitoka wapi. Wengi wetu tunaojiita leo wa ukoo fulani, damu safi, ni wajukuu wa waliopokelewa namna hiyo. Koo zilizonyumbuka ndizo zilizotuzaa. Ingekuwa ni ugumu tu, pengine leo tusingekuwapo wa kujisifu.

Mtoto aliyezaliwa Butiama mwaka 1922 kwa Mtemi Nyerere Burito alikulia katikati ya watu waliokuwa wakizikumbuka nyakati hizo. Kambarage alichongwa meno kama desturi ya Wazanaki ilivyotaka, jambo lililokuwa kipimo cha uvumilivu wa kijana. Mwaka 1934 alianza shule ya Mwisenge, Musoma, kilomita zipatazo 40 kutoka kwao. Mwaka 1955, aliporejea kutoka New York alikokwenda kuisemea Tanganyika mbele ya Umoja wa Mataifa, akatakiwa achague kati ya ualimu na siasa, aliacha mshahara wa Pugu akarudi kijijini. Hayo wengi tunayajua, na tunapenda kuyasimulia kama ushahidi wa ugumu wa watu wa Mara.

Mimi nasema ni ushahidi wa jambo jingine. Tazama alichofanya alipokuwa na nguvu zote mkononi. Alikuwa ndiye mjenzi wa mfumo wa chama kimoja. Lakini mapema mwaka 1990, akiwa bado Mwenyekiti wa CCM, alisema hadharani kwamba si dhambi kujadili vyama vingi. Tume ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ilipozunguka nchi nzima, asilimia 80 ya waliotoa maoni walitaka chama kimoja kiendelee, asilimia 20 tu wakataka vyama vingi. Mtu mgumu angesema: wengi wamesema, tumemaliza. Mwalimu alisimama upande wa mabadiliko, na mwaka 1992 sheria ikabadilishwa. Mwaka uliofuata, wabunge 55 walipotaka Serikali ya Tanganyika, mzee yule yule alikataa katakata, akaandika kitabu kizima kupinga. Alijua wapi pa kunyumbuka na wapi pa kusimama. Springi nayo ina ncha mbili zilizofungwa imara kwenye lori. Katikati tu ndipo inapocheza.

Hata Musoma yenyewe ina mfano wake. Novemba 1974, Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana mjini hapa ikapitisha Azimio la Musoma. Liliamua kwamba ifikapo mwaka 1977 watoto wote waliofikia umri wapate elimu ya msingi. Liliamua pia kwamba anayetaka chuo kikuu asiende moja kwa moja kutoka kidato cha sita, bali kwanza alitumikie taifa na afanye kazi. Lilikuwa azimio kali. Punde ikaonekana kwamba sharti hilo la pili linawaumiza wasichana, na idadi yao chuoni inashuka. Basi likalegezwa kwao. Hakuna aliyesema nchi imekuwa laini. Azimio lilikunjwa mahali palipokuwa panataka kupasuka.

Na Machi 1995, akizungumza na waandishi wa habari katika Hoteli ya Kilimanjaro, Dar es Salaam, Mwalimu alitoa hotuba ambayo kanda yake bado hurushwa redioni hadi leo, hasa Oktoba ikifika. Sisi wa kazi hii tunaiita hotuba ya nyufa. Alilifananisha taifa na nyumba iliyopigwa na tetemeko. Tetemeko likipita, nyufa zinaonyesha ni wapi hapakujengwa vizuri. Akazitaja: Muungano, rushwa, kutoheshimu sheria na Katiba, ukabila, udini. Sijui kama aliwahi kusikia habari za Griffith na kioo chake. Lakini mtoto huyu wa nchi ya majabali alikuwa anasema jambo lile lile: usiulize ukuta ni mgumu kiasi gani, uliza ufa uko wapi.

Basi, tuitumie rula hiyo kupimia nyumba yetu wenyewe.

Katika mkoa wetu, neno ugumu bado linatumika kumwambia msichana asilie. Desemba shule zikifungwa, ziko familia, si katika kila wilaya wala kila kabila, zinazowapeleka mabinti kukeketwa. Anayenyamaza chini ya wembe husifiwa kuwa ni mgumu kama mama zake. Anayelia huitwa aibu ya ukoo. Sheria ya mwaka 1998 ya makosa ya kujamiiana imekataza kumfanyia hivyo msichana aliye chini ya miaka 18. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015/16 ulikuta kwamba asilimia 32 ya wanawake wa Mara wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamekeketwa, wakati kwa nchi nzima ni asilimia 10. Ule wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 28 kwa Mara na 8 kwa nchi. Inashuka, lakini inashuka kwa mwendo wa kobe.

Katika wilaya za Butiama na Serengeti zipo nyumba za hifadhi zinazowapokea mabinti wanaokimbia. Hebu fikiria msichana wa miaka 13 anatoka nyumbani usiku, bila viatu, akijua baba atakasirika, mama atalia na shangazi watamlaani, akatembea gizani hadi kituo cha polisi au nyumba ya mchungaji. Kisha mfikirie mwanaume mzima aliyekaa kivulini akisema mila ni mila. Kati ya hao wawili, nani imara?

Na tusiwaone wasichana peke yao. Mvulana naye tumemlea kwa neno hilo hilo. Akiumia tumemwambia mwanaume halii. Akishindwa tumemwambia jikaze. Akawa mtu mzima mwenye uso wa jiwe, hasemi na mkewe ila kwa ngumi, hasemi na rafiki ila kwa chupa. Kisha maisha yanampa moto, na yanampa maji: kazi inakwisha, mtoto anaugua, deni linaiva. Siku moja anapasuka, na sisi majirani tunakusanyika msibani tukisema hatukujua, alikuwa mtu mgumu sana. Naam, alikuwa mgumu. Hakuna aliyemfundisha kunyumbuka, na hakuna aliyeruhusiwa kuuona ufa wake.

Sisemi tuwalee watoto wawe laini. Udongo laini nao haujengi nyumba. Watoto wetu waamke alfajiri, wachote maji, watembee kwenda shule, waambiwe hapana na wakubali hapana. Uvumilivu ni urithi wetu na sitaki tuupoteze. Nasema tu kwamba Mturi hakuwa anaacha jembe katika ule ugumu wa kwanza wa majini. Alilirudisha motoni, akalipatia uhai, ndipo akampa mkulima. Kazi hiyo ya pili ndiyo tunayoiruka tunapolea: kumfundisha mtoto kusema inauma, kuomba msaada, kukubali kushauriwa, kubadili njia bila kubadili utu wake.

Kwa hiyo juma hili, ukikutana na mtu akakwambia nyie wa Mara ni wagumu, usigombane naye. Mshukuru, kisha mwambie hivi: ugumu tuliwaachia mawe, nayo tunayapasua kokoto. Sisi tunataka kuwa imara.